Chevrolet Nyekundu ya Arizona

Malung, 4 Mei 1982

Dada yangu Ragnhild,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujaendelea, na kama umeshika kikombe cha kahawa kiweke mezani, sitaki uungue kwa ajili yangu. Katika Uswidi nzima, kuanzia Malmö mpaka huko kwenu Kiruna kwenye baridi na machimbo, hakuna mtu mwenye bahati kama mdogo wako. Bahati inanifuata mpaka chooni. Nikiifukuza inabisha hodi.

Mama mzima. Goti lake bado linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Wiki iliyopita elki, yule kulungu mkubwa kama farasi, aliingia uwanjani akaanza kula mti wetu wa tofaa, Mama akatoka na ufagio akamchapa puani, na aliyekimbia ni elki. Theluji imeondoka, vyuma chakavu vya marehemu Baba vimeanza kujitokeza kimoja kimoja kama meno ya mzee.

Sasa sikiliza. Nimepata Chevrolet Bel Air ya mwaka hamsini na saba. Na si ile ya paa la bati ambayo kila muuza samaki anayo. Ni gari la wazi, paa la turubai la kukunja! Nyekundu kama damu ya pua, viti vyeupe, mapezi ya nyuma unaweza kuanikia nguo. Imetoka Arizona, ambako mvua ni hadithi, kwa hiyo kutu haijawahi kuiona. Aliyeileta ni Börje Kvarnlund, mkuu wa raggare wa hapa, wale wa jaketi za jinzi na nywele za mafuta wanaozunguka na magari ya Kimarekani Jumamosi nzima.

Kila mtu aliitaka. Jioni ya moto wa Valborg, tulipokuwa tunaukaribisha mwezi wa tano, Börje akasema: "Anayeitaka aje gereji avutane vidole na mimi." Unanijua. Wengine wote wakaanza kukagua viatu vyao. Nikaingia, tukakaa meza moja, kidole cha kati kwa kidole cha kati, nikamvuta mpaka kidevu kikagonga meza na jino likaruka. Walioshuhudia ni binamu zake wawili tu, lakini nimehakikisha Malung nzima inajua. Ajabu ni kwamba Börje hakani! Nikisimulia pale kwenye kioski cha soseji yeye anatabasamu tu.

Kwa kuwa nilishinda, kanipa kwa masharti ya kindugu. Nyumba na uwanja wa Baba, vilivyobaki kwa jina langu, anavishika kama rehani, karatasi tu, mpaka siku ya kwanza ya kuwinda elki mwezi wa tisa. Kabla ya hapo Mnorwe mmoja wa Oslo atanunua gari kwa bei ya kutia kizunguzungu, nitamlipa Börje, nitaezeka upya paa la Mama, na wewe nitakununulia koti la manyoya. Mama hajui habari ya rehani. Ndiyo maana naandika, simu iko jikoni kwake na masikio yake hayana goti.

Wewe ni fundi wa kuchomelea, unajua vyuma. Niambie nimringie vipi huyo Mnorwe.

Samahani kwa mwandiko, hii kalamu ni ya bure.

Wako mwenye bahati,
Sixten


Kiruna, 17 Mei 1982

Sixten,

Marahaba. Mimi mzima. Jua limeshaanza kukataa kulala, nimegongomea blanketi dirishani. Juzi mnyororo ulikatika karakanani, bamba la chuma likamwangukia mwenzangu Paavo mguuni. Alikuwa anacheka mzaha wake mwenyewe, akaendelea kucheka mpaka alipoona kiatu kimebaki kifupi. Kwa hiyo nafanya kazi ya watu wawili na sina muda wa hadithi ndefu. Nimefurahi Mama kumchapa elki.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Huyo Börje Kvarnlund ni yule wa Älvdalen? Anavaa glavu mkono mmoja?

Na wewe ni mashoto tangu tumboni. Herufi zako huwa zinalalia nyuma kama watu wanaopigwa na upepo. Hizi zimelalia mbele. Kalamu ya bure haifanyi hivyo.

Kuhusu gari. Gari la paa la bati hushikwa na paa lake. Gari la wazi halina kitu cha kulishika juu, kwa hiyo kiwandani waliliwekea chini, kwenye fremu, mihimili miwili minene inayopishana kama herufi X. Lala chali, ingia uvunguni, uangalie. X ikiwepo, Mnorwe atakupa bei ya nyumba. Isipokuwepo, kuna mtu alichukua gari la bati akalikata kichwa, na ulicho nacho ni beseni lenye magurudumu. Rangi na viti haviambii kitu mtu anayejua. Hata kile kibati cha namba chini ya boneti, angalia kama ribiti zake ni mpya. Kibati hung'oka. Fremu haiongopi.

Umemweka Mama rehani, Sixten. Ana miaka sitini na minane. Angalia hiyo X kesho.

Ragnhild


Malung, 28 Juni 1982

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo, na usinikasirikie kwa kuchelewa. Tulikuwa na maandalizi ya sikukuu ya kiangazi, unajua kijiji hakiwezi kusimamisha mlingoti wa maua bila mimi. Mama mzima, amepika viazi vipya na samaki wa siki wa kulisha jeshi. Anakusalimu, anauliza lini utakuja. Kila mwaka anauliza, nami kila mwaka namwambia una kazi. Una kazi gani hiyo ya miaka kumi na sita?

Uliuliza Börje. Ndiyo, kwao Älvdalen, alihamia hapa mama yake alipofariki. Na glavu, umejuaje? Mkono wa kulia, ngozi nyeusi, havui hata kwenye sauna. Anasema aling'atwa na nyoka Arizona.

Yule Mnorwe alikuja siku yenyewe ya sikukuu. Aasmund Tveit, kofia nyeupe, viatu vya kusuka. Nikampeleka kwenye gari, nikapiga honi, wasichana wakashangilia. Yeye hakutazama rangi wala wasichana. Akaomba jeki. Akainua kona moja ya nyuma, akafungua mlango wa dereva, akajaribu kuufunga. Ukakataa. Akaujaribu tena, ukasimama nje kama ulimi.

"Rafiki yangu," akasema, "gari lako linajikunja kama mkate uliolowa."

"Kwenu Norwe mnakula mkate gani?" nikamuuliza.

"Ule wa kulipiwa," akasema. "Hili mtu akinilipa silichukui."

Nikamtandika. Dada, ilikuwa ngumi safi, kofia ilibaki hewani yeye ameshafika chini. Lakini hakuja peke yake. Shemeji zake wawili walinishika, mmoja shingo mmoja miguu, wakanibeba kama gogo wakanigongesha kwenye mlingoti wa maua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu mlingoti ukakatika ukamwangukia mpiga fidla. Mpiga fidla naye akaamka na hasira zake, akamvunjia shemeji mmoja fidla usoni. Watoto walilia. Kasisi alipigwa kiwiko. Mimi jino moja limetoka na sikio la kulia linapiga filimbi mpaka leo, lakini wao waliondoka na kofia mfukoni.

Kuhusu X, niliangalia. Kwanza kulikuwa na matope, halafu kulikuwa na jua machoni.

Haipo. Basi, nimesema. Nilimuuliza Börje, akasema Arizona huwa wanaitoa kwa sababu ya joto, chuma kipate hewa. Inaweza kuwa kweli? Wewe unajua vyuma.

Mwandiko wangu hauna tatizo lolote.

Sixten


Kiruna, 7 Julai 1982

Sixten,

Marahaba. Paavo amerudi kazini, anachechemea na kutukana. Mwambie Mama nimepata soksi alizofuma.

Chuma hakihitaji hewa.

Fanya mambo mawili. Inua zulia upande wa giaboksi. Tazama kama sakafuni kuna kiraka kilichochomelewa, na uniambie mshono wake wa welda ni mnyoofu au ni kama mtu ametapika. Halafu ingiza kidole chini ya sahani ya majivu ya dashibodi, upande wa abiria, polepole, pana makali. Niambie umegusa nini.

Usifanye mbele ya mtu. Usimwambie Börje. Usiniulize.

Ragnhild


Malung, 15 Agosti 1982

Dada,

Shikamoo. Mama mzima, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yuko kwenye ripoti ya polisi. Subiri, nakuja.

Nilifanya ulivyosema. Chini ya zulia kuna kiraka cha ukubwa wa sahani, na welda yake ni matapishi ya mbwa. Nikakaa pale nikakitazama. Shimo sakafuni kando ya giaboksi, la kupitishia wenzo wa pili. Nani anafunga giaboksi mbili kwenye gari moja? Nikacheka mpaka jino lililo jirani na pengo likauma. Ni trekta la EPA, Ragnhild! Hilo gari liliwahi kukatwa na kuongezewa giaboksi ya kulipunguza mwendo likawa EPA, ili mtoto wa miaka kumi na sita aliendeshe bila leseni ya gari, kwa mwendo wa trekta na kitanda cha mzigo nyuma, kama nusu ya vijana wa mkoa huu. Halafu mtu akalishonea makalio ya gari lingine na turubai. Arizona wana EPA? Vijana wa kule wanakwenda kanisani na giaboksi mbili?

Na chini ya sahani ya majivu niligusa ncha ya chuma. Imekwama kwenye upenyo, imevunjika, nyembamba kama msumari, ina kutu. Ilinikata kidole. Umejuaje?

Uliniambia nisiulize. Pia uliniambia nisimwambie Börje. Hapo, dada yangu, ulikuwa unamwambia mtu mwingine. Nilikwenda moja kwa moja kioski cha soseji, watu wamejaa, nikasema kwa sauti: "Börje! Nyoka wako wa Arizona ameacha jino kwenye dashibodi!"

Hakutabasamu. Mara ya kwanza tangu Valborg. Aliutazama mkono wake wenye glavu, akaweka soseji chini, akaondoka.

Jumamosi tulikuwa na karamu ya kamba wa mtoni. Mama, mimi na majirani wawili wazee, kofia za karatasi vichwani, taa za karatasi mtini, jua bado liko juu. Gari lao likaingia uwanjani. Börje, na wale binamu, Lennart na Göte. Hawakusalimu. Göte ana mashine ya kukatia chuma mkononi. Akapita katikati ya meza, akachomeka waya kwenye soketi ya Mama, umeme wa Mama, akaelekea kwenye Chevrolet.

"Weka hiyo chini," nikasema.

"Kaa ule kamba wako," Lennart akasema. Alikuwa na mnyororo.

Nilimwahi na mpini wa jeki kwenye goti. Lilitoa sauti kama tawi. Akaanguka, lakini mnyororo ulikuwa umeshatoka, ukanizunguka mbavuni, nikasikia ndani yangu kitu kikisogea mahali ambapo hakikuwa kinakaa. Börje akaja na buti. Sitakuelezea kila buti. Nilikuwa na kofia ya karatasi kichwani muda wote, ndicho kilichoniudhi. Göte huku cheche zinaruka, anakata dashibodi kipande kizima, anakata sakafu, kama mtu anayetoa mbegu kwenye boga. Jirani Hilding, ana miaka themanini, akampiga Börje chupa ya mgongo. Börje akageuka akampiga mara moja tu. Hilding bado yuko hospitali.

Ndipo Mama alipotoka jikoni. Alikuwa anaoka vafula, vile vikate vya umbo la mioyo mitano, kwenye jiko la kuni, na kile chuma cha kuokea alikuwa amekishika kwa mikono miwili, kimefunguka, kinatoa moshi. Göte alikuwa ameinama anatoa dashibodi. Mama akamwita kwa upole, "Kijana," Göte akageuza uso, Mama akakibandika shavuni. Alikishikilia pale, Ragnhild. Nimesikia nguruwe wakichinjwa, hawakufika pale. Sasa Göte ana mioyo mitano shavuni, imepangwa kama ua. Akienda kwa msichana yeyote, habari zake zimeshatangulia.

Waliondoka na dashibodi. Kilichobaki kwenye Chevrolet ni shimo. Polisi walikuja wakaandika, Mama akawapa vafula zilizobaki.

Mbavu zangu ni salama kabisa, zimekatika tatu tu. Umejuaje habari ya ile ncha?

Sixten


Kiruna, 21 Agosti 1982

Sixten,

Nimepiga simu hospitali. Hilding atapona. Nimempigia na Mama, hakuniambia chochote isipokuwa kwamba chuma cha vafula kimepinda na anataka kingine.

Nitakujibu sasa.

Machi mwaka sitini na sita nilikuwa na miaka kumi na sita, mtumishi kwenye nyumba ya wageni Älvdalen. Siku ya mapumziko nilikwenda kuvua samaki ziwani juu ya barafu. Börje akanikuta njiani, akasema panda, nitakufikisha. Alikuwa na EPA. Kaka yake alikuwa amebingirisha Chevrolet, paa likabonyea, wakalikata. Nililicheka lile gari, nikapanda.

Hakunifikisha. Aliliingiza njia ya magogo. Nilipotaka kushuka alinishika nywele kwa mkono wa kushoto, akanigongesha uso kwenye dashibodi mpaka nikawa sioni kwa jicho moja. Halafu akaweka mkono wa kulia kwenye dashibodi mbele yangu, kunizibia njia, akapumzika, akacheka. Akasema, "Umemaliza?"

Shingoni nilikuwa na misumari ya barafu, ile miwili ya mpini wa mbao ambayo Baba alitulazimisha kuvaa, mtu akitumbukia ziwani ajivutie juu. Nilichukua mmoja kwa mikono yote miwili nikaupitisha kwenye mkono wake. Ulipita nyama, ukaingia kwenye upenyo wa sahani ya majivu, ukakwama. Alivuta, haukutoka. Nilishuka. Nilitembea mpaka barabara kuu nikimsikia bado anapiga honi kwa paji la uso. Ncha ilivunjika alipojing'oa, na ndiyo maana wamekuja kuikata dashibodi.

Kaka zake walikuja kunitafuta na bunduki. Baba alinitia kwenye treni ya kaskazini asubuhi yake na akawaambia watu nimepata kazi. Kazi ya miaka kumi na sita ndiyo hiyo.

Uliponiandikia mwezi wa tano nilijua. Niliona aibu kuandika. Nikakuambia ukatazame X.

Sasa mambo ya leo. Nimemwona wakili wa chama chetu cha wafanyakazi. Anasema hakuna aliyemsikia Börje akisema gari limetoka Arizona isipokuwa wewe. Börje ameshasema polisi kwamba alikueleza gari ni la kuungaunga, ukalitaka hivyo hivyo kwa furaha ya kumshinda. Na mashahidi anao, Malung nzima, waliokusikia kiangazi chote ukisema ulimvuta, ulishinda, ulichagua mwenyewe. Majigambo yako ndiyo wakili wake.

Lakini wakili wangu akauliza: "Kaka yako alitia sahihi kwa hiari?" Kama hapana, ile rehani inaanguka, na Mama anabaki kwake.

Herufi zako bado zimelalia mbele. Niambie habari ya kidole chako.

Ragnhild


Malung, 25 Agosti 1982

Dada,

Barua yako nimeisoma kibandani, nikatoka nje nikapasua kuni zote za msimu wa baridi, na mbavu hizi hizi. Laiti ningejua, nisingemvuta kidole. Ningemvuta kichwa.

Kidole changu kizima. Nilishinda. Nitasema mahakamani lolote utakalo, kwamba nilikuwa mlevi, mgonjwa, nimepigwa na radi, lakini usinitake nisimame mbele ya Malung nzima niseme Börje Kvarnlund alinishinda kuvutana vidole. Baba hakuwahi kushindwa. Babu hakuwahi. Nitamtafuta huyo mtu kwa mpini wa jeki tumalize kiume.

Mama mzima.

Sixten


Kiruna, 28 Agosti 1982

Sixten,

Ukimfuata na mpini wa jeki utafungwa wewe, na Mama atakuletea vafula gerezani akitokea chumba cha kupanga.

Nimeshakata tiketi. Nitashuka treni Mora tarehe nne mwezi ujao, nitasimama mbele ya hakimu niseme habari ya mkono wake na uso wangu, na Börje atakaa pale ananitazama. Kwa miaka kumi na sita niliibeba aibu kama yangu, na aliyenishika nywele ni yeye.

Mimi nimeandika langu. Andika lako. Nusu ukurasa unatosha, kwa mkono wowote ulionao.

Ragnhild


Malung, 31 Agosti 1982

Dada yangu Ragnhild,

Shikamoo. Mama mzima. Yuko hapa, amekaa mbele yangu, nimemwambia habari ya rehani. Hakunipiga. Alinimiminia kahawa, akasema, "Unadhani zile bandeji za mwezi wa tano alikuwa anafua nani?" Analijua tangu Valborg, alikuwa anangoja niseme.

Naandika kwa mkono wa kulia kwa sababu kidole cha kati cha kushoto hakikunji. Kimekauka kimenyooka. Nikimpungia kasisi anaona namtukana.

Hakukuwa na mashindano. Niliingia gereji ya Börje jioni ile nikidhani tutakaa mezani kama watu. Lennart na Göte walinishika mlangoni, wakanipeleka kwenye jiriwa ya benchi, ile ya kubania mabomba, wakabana kifundo cha mkono wangu wa kushoto wakakaza mpaka nikaona nyota. Börje akaweka karatasi ya nyumba karibu na mkono wa kulia, akashika kidole changu cha kati kwa mkono wake mzima. Nikasema, siwezi kutia sahihi, nyumba ni ya Mama. Akavuta. Hakuvuta haraka. Kilitoka kwenye kiungo cha kwanza, halafu cha pili. Nikasema tena nyumba ni ya Mama. Akaacha kuvuta, akainama sikioni, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Dada yako hajambo huko aliko? Hiki ni cha kwake." Akakipinda kuelekea nyuma mpaka kikagusa mkono. Nilitia sahihi. Nilikuwa nimejikojolea. Akanitupia funguo za Chevrolet kifuani, akasema nisiseme amenidhulumu, gari hili hapa.

Sikujua ulimfanya nini, lakini nilijua ni wewe, na niliona ukijua utalia. Kwa hiyo nilifunga kidole kwa kitambaa, nikaendesha lile beseni mpaka kioski cha soseji, na kabla mtu hajaniuliza nikawatangazia kwamba nimeshinda. Walishangilia. Ilikuwa tamu, dada, ilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia, nikaendelea.

Mwonyeshe wakili. Mwonyeshe hakimu. Ukitaka barua hii isomwe kioski cha soseji, nitakaa pale nile soseji ikisomwa. Tarehe nne nitakuwa kituoni Mora na lori la Hilding, Mama atakuwa katikati, amekaa na chuma kipya.

Mimi, Sixten Hägglund wa Malung, sikumvuta mtu, sikushinda kitu, na sina bahati hata ya kuokota senti. Nilivutwa, nikalia, nikasaini. Yale mengine yote yalikuwa uongo.

Sixten